Nalala na asilimia 90, naamka na 30

Asalaam aleykum kaka,

Naandika kutoka Makorora, Tanga. Kazi yangu ni vitumbua na mikate ya kumimina, na biashara yote naiendesha kwa simu. Oda zinaingia WhatsApp tangu usiku: huyu wa Chumbageni anataka 20, wale wa ofisini wanataka 50 vifike kabla ya saa mbili, na malipo yanaingia humohumo. Saa kumi alfajiri nimeshaamka, mchele niliousaga na tui umeshaumuka, naweka chuma jikoni huku nasoma nani anataka nini. Hapo ndipo naikuta simu iko taabani.

Nalala saa nne usiku ikiwa na asilimia 90. Naamka ina 30, siku nyingine 28. Na sijaigusa! Iko juu ya meza pembeni ya kitanda, kioo kimezima, mimi huyo nimelala. Inafika saa mbili kasoro, bodaboda yuko mlangoni anasubiri nimwambie apeleke wapi, simu imezimika. Ajabu ni kwamba mchana haina tabu. Nikiichaji ikajaa asubuhi, mpaka magharibi bado ina 50 au 60, na hapo nimepiga, nimepokea, nimeweka na picha za vitumbua status.

Nilimpelekea fundi mmoja mjini, akaibonyezabonyeza, akasema betri imekufa, mpya elfu 35. Jirani yangu anasema ni hewa ya bahari, chumvi imeingia ndani. Mimi nilikuwa naelekea kumwamini jirani, maana mwezi uliopita nilikwenda Muheza kwenye arusi ya mdogo wangu, nikakaa siku tatu, simu ikawa nzima kabisa: nalala na 85, naamka na 80. Nimerudi Tanga, yaleyale.

Mtoto wa kaka yangu, tunayekaa naye tangu alipokuja kuanza chuo, aliniwekea programu ya kusafisha simu na nyingine ya kulinda betri. Ni kijana mzuri, kila jioni namwashia hotspoti, simu yake itumie bando langu kupitia simu yangu, asome. Lakini programu zake hazijasaidia kitu. Na bando nalo siku hizi linakwisha upesi. La wiki lilikuwa linanifikisha; sasa siku ya nne limekata.

Kinachoniuma zaidi ni mume wangu. Mwanzo alikuwa akitania, "Ulikuwa unachati na nani usiku?" Sasa hatanii. Akiamka kuswali, kwanza anatazama chaji ya simu yangu, halafu ananitazama mimi. Juzi akaniambia simu iliyolala haichoki. Nimeapa mpaka nimechoka kuapa.

Kaka, ninunue betri? Au simu nyingine kabisa? Na je, nikiiacha kwenye chaji usiku kucha nitaepukana na balaa hili? Simu ni ya Android, ina miaka miwili, betri ya ukubwa wa 5000 mAh, laini mbili.

Muuza vitumbua, Makorora

*

Waaleykum salaam dada yangu,

Hiyo elfu 35 irudishe kwenye kibubu. Betri usinunue, simu usinunue, si wiki hii. Majibu mengi umeyaandika mwenyewe kwenye barua, ila umeyatawanya.

Tuanze na hesabu. Kutoka 90 hadi 30 ni asilimia 60, na kutoka saa nne mpaka saa kumi ni saa sita. Simu yako inakula asilimia 10 kila saa. Simu nzima iliyolazwa, kioo kimezima na laini ziko hewani, hupoteza asilimia chache tu usiku mzima. Ile 85 kwenda 80 ya Muheza ndiyo hali ya kawaida. Inayokwenda kwa 10 kila saa haijalala hata kidogo, iko kazini. Mumeo kwa hiyo amepatia nusu. Kweli simu iliyolala haichoki. Asichokijua ni kwamba simu inaweza kukesha peke yake, mwenyewe akiwa anakoroma.

Sasa hiyo betri. Betri za simu zetu ni za lithiamu na kuchakaa zinachakaa. Makadirio ya kawaida ni kwamba baada ya kujaa na kuisha mara 500 hivi, betri nyingi hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo, na simu ya miaka miwili inaweza kuwa imekwisha kufika huko. Lakini betri iliyochoka haichagui saa. Ingekuadhiri na mchana: ingeruka kutoka 40 hadi 12 ghafla, ingezimika huku bado inaonyesha 20, ingepata moto kwa kupiga simu moja tu. Yako inafika magharibi na 50 au 60 baada ya kutwa nzima ya biashara. Na kuna swali ambalo fundi hakukuuliza: bando linaendaje? Betri mbovu hailambi bando. Kitu kinachokula chaji na bando kwa pamoja ni kitu kinachopitisha data, na hicho hakitibiwi kwa bisibisi.

Halafu Muheza. Hapo umenifurahisha, maana bila kujua umefanya kipimo kizuri kuliko cha fundi. Ulipokwenda arusini ulibeba simu ileile, betri ileile, WhatsApp ileile, na hizo programu mbili za kijana. Vyote vilikwenda Muheza na usiku havikula kitu. Kwa hiyo mla chaji alibaki Makorora. Kilichobaki Makorora ni nini? Nyumba yenu na mtandao unavyoshika chumbani, na mtoto wa kaka yako na simu yake.

Hewa ya bahari pia ilibaki Tanga, jirani atasema. Chumvi na unyevu wa pwani ni adui kweli, lakini adui wa aina nyingine. Hula lile tundu la chaji: utaona kutu ya kijani au nyeupe kwenye vyuma, waya wa chaja unachezacheza, simu inakataa chaji au inalalamika kuna maji. Kutu haili chaji usiku ikaacha mchana, wala haiponi kwa siku tatu za arusi.

Mimi namshuku hotspoti. Simsemi kijana, yeye huenda kalala fofofo kama wewe. Sikiliza inavyokuwa. Jioni unamwashia asome. Saa nne unakwenda kulala, hujaizima, au unadhani itajizima yenyewe. Simu nyingi za Android zina mpango wa kuzima hotspoti kama hakuna kifaa kilichoungana nayo kwa muda. Lakini kifaa kipo! Simu ya kijana iko chumba cha pili, bado imeungana. Na simu yake haijui kwamba lile ni bando lako la wiki. Inachokiona ni Wi-Fi, na simu zikiona Wi-Fi hujiachia: zinapakua matoleo mapya ya programu, zinapandisha picha na video za siku nzima, zinahifadhi nakala za WhatsApp. Kazi hizo hupenda kufanyika usiku, mwenyewe asipoitumia simu. Simu yako inakuwa mnara wa mtandao wa nyumba nzima mpaka alfajiri.

Ndiyo maana chaji inaporomoka namna hiyo. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikitulia mezani, kioo kimezima na haiko kwenye chaji, mfumo huzibana programu zisiguse intaneti ovyo. Zinafunguliwa mlango kwa vipindi vifupi, na kadiri simu inavyokaa kimya ndivyo vipindi hivyo vinavyoachana. Mwenye kugawa hotspoti hapati mapumziko hayo. Inabidi ashike mtandao wa mnara kwa upande mmoja na arushe Wi-Fi kwa upande wa pili, mfululizo. Na kama chumbani kwenu mtandao unashika vijiti viwili tu, simu inaongeza nguvu ya kurusha ili isikike mnarani, na nguvu hiyo inatoka betri.

Kuthibitisha hakuna gharama. Ingia setingi, au Mipangilio kama simu umeiweka Kiswahili, nenda kwenye mtandao, kisha matumizi ya data. Kuna orodha ya programu na MB zilizokula. Tafuta mstari unaotaja hotspoti, kwenye simu za Kiswahili huandikwa mtandaopepe. Ukiukuta uko juu kabisa, umezipita hata WhatsApp na YouTube, tumemaliza kesi. Tena ukifungua ukurasa wa hotspoti yenyewe, simu nyingi huonyesha vifaa vingapi vimeungana. Angalia vizuri idadi. Mimi ni mtu wa Ngamiani, najua nyumba zetu zinavyobanana. Hotspoti inavuka ukuta mpaka baraza ya jirani, na nywila ya 12345678 watoto wa mtaa mzima wanaijua. Ukikuta vifaa vitatu na mwanafunzi ni mmoja, badilisha nywila leo.

Kisha usiku wa leo fanya jambo moja tu: zima hotspoti kwa mkono wako kabla ya kulala. Mengine yote yaache yalivyo. Usizime data, usifute programu, usipunguze mwanga wa kioo. Watu wengi hukosea hapa. Wanabadilisha mambo sita kwa mpigo, simu inapona, na hawajui kilichoiponya ni kipi. Andika asilimia ya kulalia na ya kuamkia nyuma ya daftari la oda. Ukiamka na 80 na kitu, umempata.

Ikiwa ndivyo, usimnyime kijana intaneti. Kwenye simu yake aguse jina la hotspoti yako, kwenye maelezo yake kuna mahali pa kuchagua mtandao huo uhesabiwe kama wa bando. Akishafanya hivyo, simu yake itaacha kupakua mizigo mikubwa bila kumuuliza. Na saa nne ikifika, hotspoti inazimwa. Akitaka kukesha na masomo, anunue bando lake.

Tuseme umezima na bado umeamka na 40. Usiku wa pili washa hali ya ndege ukilala. Kengele ya kukuamshia saa kumi italia kama kawaida, ila simu na meseji hazitaingia mpaka uzime hali hiyo, kwa hiyo chagua usiku usiosubiri oda kubwa. Chaji ikikaa, tatizo ni mtandao. Jaribu kuilaza simu karibu na dirisha, na ile laini ya pili kama huitumii usiku izime kwenye setingi, kwa sababu kila laini inatafuta mnara wake na inayoshika kwa tabu ndiyo inayokula zaidi. Lakini chaji ikiporomoka hata kwenye hali ya ndege, usiku wa tatu izime simu kabisa na utafute saa ya mezani ya kukuamsha, maana simu nyingi za Android zikizimwa hazilii kengele. Simu iliyozimwa ikipoteza asilimia 20 au 30 kwa usiku mmoja, hapo kuna ubovu wa betri yenyewe au ubao wa ndani, na hapo ndipo pa kumrudia fundi. Siyo lazima yuleyule.

Na WhatsApp iangalie hata kama siyo mkosaji. Kwa kawaida huhifadhi nakala ya gumzo usiku wa manane, na wewe mwenye video za vitumbua na sauti za wateja una mzigo mkubwa. Weka ihifadhi kwenye Wi-Fi tu na uondoe video. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nakala za WhatsApp za Android sasa zinahesabiwa humo pamoja na picha na barua pepe. Zikijaa, nakala haikamiliki.

Programu ya kusafisha na ya kulinda betri zifute zote mbili. Kijana alikuwa na nia njema, lakini sijawahi kuona faida yake zaidi ya matangazo. Kazi yake kubwa ni kufunga programu nyingine kwa nguvu, nazo zinajifungua upya, na kule kufunguka upya kunakula chaji kuliko zingeachwa zilivyo. Kinga ya betri ya kweli imo ndani ya Android yenyewe.

Sasa mumeo. Kwenye setingi za betri kuna ukurasa wa matumizi, na simu nyingi huonyesha kila programu imetumika muda gani kioo kikiwa kinawaka na muda gani ikifanya kazi chinichini. Nyingine ukigusa grafu zinakupa saa hadi saa. Mtu aliyekuwa anachati usiku ataonekana: kioo kimewaka, WhatsApp saa nzima au zaidi. Aliyelala naye ataonekana. Mwite mkae mtazame wote wawili jioni, watoto wakishalala, wala usimpe kama hati ya utetezi. Mwambie tu, "Njoo uone kinachomaliza simu." Wanaume wa Tanga wivu tunaujua, na mwenye wivu ukimwapia anazidi kuwaza, grafu haina sauti ya kubishana nayo.

Kuna moja nilitaka kulinyamazia, nikaona si haki. Zipo programu za kumchunguza mtu kwa siri, zinatuma meseji zake na mahali alipo, nazo hula chaji na bando. Sidhani ndilo tatizo lako, kwa sababu programu ya hivyo ingekufuata Muheza. Lakini kwa kuwa nyumbani kuna maneno, kagua mara moja: kwenye WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa, kama kuna kompyuta au simu usiyoijua iondoe, kwenye setingi pitia orodha yote ya programu na zile zilizopewa ruhusa ya ufikivu, yaani ya kusoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Ukikuta kitu, jua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mfumo wa mtu bila idhini yake, na ndoa haimpi mtu idhini hiyo. Usipokuta, usilitaje kabisa. Msiongezeane tuhuma.

Siku ya kubadilisha betri itafika, pengine mwakani. Ikifika, fundi aifungue simu mbele yako, na usinunue namba iliyoandikwa juu ya betri. mAh ni wino tu, yeyote anaweza kuuchapa. Nunua kwa fundi anayekubali uirudishe ndani ya muda mliokubaliana. Na kama hata kesho ukiona mgongo wa simu umeinuka au kioo kinabanduka pembeni, betri imevimba: acha kuichaji, usiibonyeze, usiitoboe, ipeleke ikatolewe.

Kuhusu kuiacha kwenye chaji usiku kucha, ungeficha ugonjwa tu. Hotspoti ingeendelea, bando lingeendelea kukata siku ya nne, na simu inayofanya kazi huku inachajiwa hupata joto, nalo joto ndilo linalozeesha betri za lithiamu upesi, wala Tanga hatuna upungufu wa joto. Ukizima hotspoti hutahitaji. Siku utakayolazimika, iweke juu ya kitu kigumu, mbali na mto na godoro, tumia chaja nzuri, na kama setingi zako zina chaguo la kusimamisha chaji kwenye 80, liwashe. Kwa oda zako 80 inatosha mpaka adhuhuri.